Ratili Themanini kwa Boti ya Royce

Kwa miaka miwili tangu apigwe na kiharusi, Royce Crowson hakulitaja ziwa hata mara moja. Boti yake ilikaa kwenye banda la gari, imefunikwa turubai, na mkewe Nelda aliipita kila alfajiri akienda kazini bila kuitupia jicho. Basi jioni moja ya Februari, Nelda akiwa anamvua soksi, Royce akasema, kwa maneno yake yaliyokuwa yakitoka moja moja, kwamba mwezi ujao samaki wa besi watasogea kwenye maji ya kina kifupi. Nelda alimaliza soksi ya pili akabaki ameketi palepale sakafuni, maana kuinuka nako kulikuwa kazi.

Nelda alikuwa na miaka sitini na moja. Siku tano za wiki alisimama kwenye kiwanda cha kuku, kisu mkononi, akitenganisha vidari na mifupa tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akirudi nyumbani vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata kifuniko cha chupa kikamshinda. Na nyumbani palikuwa na mwanamume wa kuogeshwa, wa kulishwa dawa, wa kuinuliwa kitini na kurudishwa kitini. Ziwa lilikuwa jambo la mwisho alilokuwa na nguvu nalo. Lakini ndilo jambo la kwanza ambalo Royce alikuwa ameliomba tangu atoke hospitali, kwa hiyo asubuhi akampigia simu Dub.

Dub alikuwa ndugu mdogo wa Royce, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Alikuja, akavua turubai, akaikagua boti. Injini kubwa ya petroli ya nyuma, ile ya kukimbilia, ilikuwa salama. Tatizo lilikuwa mbele, kwenye omo, ilikokaa ile mota ndogo ya umeme inayozamishwa majini wakati wa kuvua, iivute boti polepole bila kelele na kuizuia isichukuliwe na upepo. Mota ya Royce iliendeshwa kwa mguu, mvuvi akiwa amesimama, na sasa mguu wa kulia wa Royce ulikuwa hausikii wala hauambiliki. Dub akaing'oa, akaenda kwake, akarudi na mota yake ya zamani, ya kuongozwa kwa mkono.

"Hii, shemeji, ndiyo utakayoishika wewe," alimwambia Nelda. "Imenivuta miaka kumi na miwili. Haijui kuchoka hii. Si kama sisi."

Nelda aliuliza kama ina nguvu ya kutosha. Dub akacheka, akasema ni ratili arobaini na tano za msukumo, na kama ilimvuta yeye na tumbo lake, itamshindaje Royce aliyebaki mifupa? Nelda hakuwa na ujuzi wa kubisha. Hakukumbuka kwamba boti ya Dub ilikuwa ya bati jepesi ambayo watu wawili wangeweza kuibeba mabegani.

Walikwenda Jumamosi ya pili ya Machi. Kuishusha boti majini kuliwachukua karibu saa nzima, na Dub akiwasaidia. Kisha Dub akaondoka, nao wakaenda mpaka kwenye mdomo wa kijito alichokipenda Royce, karibu na barabara inayokatiza ziwa juu ya tuta la mawe. Nelda akazima injini kubwa, akateremsha mota ya Dub, akakaa kwenye omo ameshika mpini wake. Royce alikuwa nyuma yake kwenye kiti, jaketi la kuokolea limembana shingoni, akirusha chambo kwa mkono wa kushoto. Alirusha vibaya, akavuta, akarusha tena. Kwa muda wa nusu saa hivi mambo yalikuwa sawa.

Kisha upepo ukaamka kutoka kusini. Haukuwa dhoruba, ulikuwa upepo wa kawaida wa Machi ambao wenyeji wa Guntersville, mji wa kando ya ziwa lile, hawaufungii hata dirisha. Lakini boti ilianza kurudi kinyumenyume. Nelda akaongeza mota mpaka mwisho. Boti ikasimama kidogo kama punda anayefikiri, halafu ikaendelea kurudi. Magugu ya chini ya maji yakajizungusha kwenye rafadha ya mota, Nelda akainua mota, akayang'oa kwa vile vidole vyake visivyo na hisia, akaiteremsha, na kila alipofanya hivyo mawe ya tuta yalikuwa yamekaribia. Mara ya nne mota ikaguna, ikapunguza kasi, ikanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha.

Injini kubwa isingeweza kuwashwa pale, maji yalikuwa haba mno. Nelda alichukua kafi, akapiga magoti, akawa anaisukuma boti isipigwe na mawe, huku mawimbi yakiirudisha. Royce alinyoosha mkono wa kushoto kumsaidia, karibu aanguke, Nelda akampigia kelele akae. Ndicho kilichomuuma zaidi baadaye, ile kelele. Walikwaruza mawe mara mbili, mkwaruzo mrefu wa kutia meno ganzi, kabla Nelda hajafanikiwa kuisogeza boti mahali pa kina na kuwasha injini.

Usiku ule, Nelda alipokuwa akimfunika blanketi, Royce alisema: "Iuze boti."

"Kwa nini?"

"Mzigo." Akajigusa kifua. "Mimi. Unavuta mzigo."

Nelda alitaka kumjibu jambo la maana, lakini kichwa chake kilikuwa kitupu kwa uchovu. Alizima taa, akalala na matope kwenye kiwiko.

Wiki ile nzima, kisu kikienda na kurudi, alilifikiria neno lile. Hakuwa mtu wa kulia kazini. Ila alijiambia kwamba ikiwa boti itauzwa, basi iuzwe kwa sababu wao wameamua, si kwa sababu Dub alileta mota isiyofaa. Ijumaa, zamu ilipokwisha, alikwenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya boti la Merle Pettus, bado akinuka klorini na kuku.

Merle alikuwa mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na daima alikuwa akimenya karanga za kuchemsha. Alimsikiliza bila kumkatiza. Alipoambiwa urefu wa boti, futi kumi na tisa, fibaglasi, na nguvu ya mota ya Dub, aliacha karanga.

"Mama," alisema, "hiyo ni sawa na kumfunga mbuzi mkokoteni wa ng'ombe. Mbuzi hana kosa."

Nelda akamwomba basi ampe iliyo kubwa kuliko zote, amalize. Merle alikataa kuuza namna hiyo. Alimweleza kwamba kila ratili mia za uzito unaoelea zinataka angalau ratili mbili za msukumo, na kwamba watu wengi huhesabu boti peke yake wakasahau kila wanachotia ndani. Akampa karatasi na kalamu. Akamwambia aende nyumbani, apime kila kitu, petroli, betri, chambo, barafu, watu, kisha arudi.

"Watu pia?"

"Watu pia. Ndio wanaodanganya zaidi."

Nelda alikaribia kumwambia kwamba hana nguvu za kupima chochote. Aliichukua karatasi, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi alitoa mizani ya bafuni akaiweka sakafuni kwenye banda la gari, na Royce akakaa kwenye kiti chake akitazama. Uzito wa boti na injini uliandikwa kwenye kibao cha kiwanda, ratili elfu moja mia tisa na hamsini. Petroli tangi likijaa, mia moja na tisini. Betri tatu, moja ya injini na mbili ambazo mota nzuri ingezihitaji, mia moja sitini na tano. Kisha akaanza kutoa masanduku ya chambo. Yalikuwa tisa. Alijua mumewe anapenda chambo, hakujua anazo za kutosha duka zima. Risasi za kuzamishia, minyoo ya mpira ya kila rangi, vijisamaki vya mbao ambavyo havijawahi kuloa. Pamoja na fito za kuvulia vilifika mia moja na kumi. Jaketi, nanga, kasha la barafu, soseji za kopo na biskuti za chumvi, sitini.

"Sanduku jekundu hili lina nini?" aliuliza.

Royce alilitazama kwa muda. "Sijui," alisema.

Nelda mwenyewe alipanda mizani, mia moja sabini na moja. Aliandika bila kutoa maoni. Kisha akamgeukia mumewe, naye Royce akageuza uso. Hakuwa amepanda mizani tangu hospitali. Kabla ya ugonjwa alikuwa ratili mia mbili na tano, mtu aliyejenga mabanda ya kuku katika wilaya nzima na kubeba boriti peke yake. Nelda alimwambia kwamba Merle anataka namba zote. Royce akasema amwandikie yoyote. Nelda akasema hapana, hatakwenda kukwaruzwa tena kwenye mawe kwa sababu ya namba ya kubuni, na kwamba amechoka, Royce, amechoka kweli, na jambo hili moja anataka lifanyike sawasawa.

Royce akanyoosha mkono ili ainuliwe.

Peke yake asingeweza kusimama juu ya kile kidude. Kwa hiyo Nelda alipanda pamoja naye, akamkumbatia kiunoni, miguu minne ikigombania nafasi ya miwili, kidevu cha Royce juu ya bega lake. Hawakuwa wamesimama hivyo kwa muda mrefu. Kumwinua alikuwa akimwinua kila siku, lakini huko kulikuwa kwa haraka, kwa kumpeleka mahali. Hapa iliwabidi watulie mpaka sindano itulie. Nelda alichungulia chini ya kwapa lake. Mia tatu ishirini na tatu. Akatoa zake kichwani, akabakiza mia moja hamsini na mbili.

"Umeona?" Royce alisema alipokwisha kuketi, ingawa Nelda hakuwa ameuliza kitu. "Mzigo."

Nelda aliketi juu ya ndoo akajumlisha. Alijumlisha mara mbili, maana alikuwa amesinzia katikati ya mara ya kwanza. Ratili elfu mbili mia saba tisini na nane. Akagawanya kama Merle alivyomfundisha.

"Boti inataka hamsini na sita," alisema. "Sikiliza. Wewe, katika hizo hamsini na sita, unachukua tatu. Tatu tu, Royce. Mimi ni tatu na nusu. Chambo zako ni mbili na ushee. Sasa niambie nani mzigo hapa."

Royce aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Midomo yake ilihangaika kulitafuta neno.

"Toa," alisema mwishowe. "Lile jekundu."

Nelda alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta, na hakuwa na hakika kama ni kicheko kitupu. Lile sanduku lilikaa kwenye rafu kuanzia siku ile.

Merle alipoisoma karatasi aliinamisha kichwa kwa heshima. Alisema hamsini na sita ni ya ziwa lililotulia kama chai kwenye kikombe, bila magugu, betri zikiwa mpya. Kwa ziwa la Guntersville na upepo wake, achukue ratili themanini, ya volti ishirini na nne, betri mbili. Nelda akauliza kuhusu ile iliyoning'inia juu kabisa ukutani, ya mia moja na kumi na mbili. Merle akamwambia ile inakula betri tatu, ni ya boti kubwa kuliko yao na ya vijana wa mashindano wanaovua toka macheo hadi machweo. Angeichukua, angekuwa amenunua betri ya ziada ya kubeba uzito wa betri ya ziada. Yenye kufaa ni ile isiyofanya kazi kwa kujilazimisha. Akaongeza kwamba hii ya themanini ina rimoti ya kuvaa shingoni, na kitufe kimoja ambacho ukikibonyeza mota hujishikilia mahali ilipo, ikijigeuza yenyewe dhidi ya upepo, hata mtu asipoigusa.

"Hata kama mtu ana mkono mmoja?" Nelda aliuliza.

"Kinataka kidole kimoja, mama."

Dub hakufurahi. Alikuja siku ya kuifunga, akaiona mota mpya kwenye kasha, akauliza kama shemeji yake anakusudia kuvuta meli. Kisha, kwa kutaka kuwa wa msaada, akatoa waya zake za zamani akasema zitafaa. Zilikuwa nyembamba. Merle alikuwa ameshamwonya Nelda kwamba mota yenye nguvu kwenye waya nyembamba hupoteza nguvu njiani na mwisho huchoma waya.

"Nene, Dub," alisema. "Hizi hapa nimenunua. Na fyuzi yake."

"Kwani ile yangu ilikukosea nini?"

"Haikunikosea. Boti ndiyo iliyoizidi."

Dub alinung'unika, akalala chali chini ya sitaha, akafunga waya nene. Aliifanya kazi vizuri. Alipotoka alikuwa na grisi puani, akakubali bilauri mbili za chai baridi yenye sukari, na kabla ya kuondoka akamwambia Royce, bila kumtazama, kwamba asingewapeleka kwenye yale mawe kwa kujua. Royce akampiga kofi jepesi la mkono wa kushoto begani.

Walirudi ziwani katikati ya Aprili. Upepo ulikuwa uleule, pengine mkali zaidi. Nelda aliteremsha mota kwenye mdomo wa kijito, akaivaa rimoti, akabonyeza kitufe. Mota ikajizungusha kushoto, ikajizungusha kulia, ikavuma kidogo. Boti ikaelekeza omo kwenye upepo na kutulia.

Hakuiamini. Alichagua mti mmoja mkavu ukingoni, akaulinganisha na nguzo ya barabara nyuma yake, akakaa akitazama kama vile viwili vinaachana. Dakika kumi. Ishirini. Vilibaki mahali pake. Aliendelea kuvitazama, mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni, akingoja kitu kiharibike, kama alivyokuwa akingoja kwa miaka miwili, kila simu, kila kikohozi chumba cha pili. Royce alikuwa akirusha chambo. Sasa alikuwa akiipeleka karibu na alikokusudia. Nelda alimvisha yeye rimoti, ili mikono yake ipumzike kidogo tu, akaegemea kiti.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limehama. Koti la Royce lilikuwa juu ya magoti yake. Kwa sekunde moja alishtuka, akautafuta mti mkavu, akauona palepale. Kisha akamwona Royce ameinama, uzi wa ufito wake umelegea, suruali imeloa mpaka mapajani.

"Nini kimetokea?"

Royce alipima kwa kidole kwenye mkono wake uliolala, toka kiwiko hadi ncha za vidole. "Besi," alisema. "Mkubwa."

"Yuko wapi?"

Alionyesha maji. Polepole alimweleza kwamba alimleta mpaka ubavuni mwa boti, lakini mkono ulikuwa mmoja, na ulikuwa umeshika ufito, na wavu ulikuwa upande wa pili. Samaki alitikisa kichwa mara mbili, akaenda.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala."

Nelda alihisi hasira, kisha hasira ikakosa mahali pa kukaa. Alimuuliza amelala kwa muda gani. Royce akasema saa moja na nusu. Nelda hakukumbuka lini alilala saa moja na nusu mchana bila mtu kumwita.

Waliondoka mapema, maana Royce naye alikuwa amekwisha nguvu. Kwenye mteremko wa kupandishia boti kulikuwa na foleni ya wanaume watatu wenye magari makubwa. Mara ya kwanza Dub ndiye aliyekuja kuwatoa, lakini leo alikuwa kanisani akisaidia kupaka rangi. Nelda aliifunga boti gatini, akapanda kuleta gari, akalirudisha nyuma hadi trela ikazama majini. Alikuwa akifikiria namna ya kushuka, kukimbia gatini, kuileta boti na kuifunga kabla wale wanaume hawajaanza kupiga honi. Miguu yake haikutaka kufikiria.

Katika kioo cha gari akaona kamba ya gatini ikianguka majini. Royce alikuwa ameifungua. Boti ikaanza kusogea, omo mbele, mota ikivuma, na Royce kwenye kiti, rimoti mkononi, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Upepo ulimpiga ubavuni. Aliingia upande, akaigonga trela, akarudi nyuma. Mwanamume mmoja kwenye foleni alishuka na kuanza kuvua viatu ili amsaidie. Royce akainua kidole, kile cha kubonyezea, akimwambia angoje. Mwanamume akangoja, kiatu kimoja mkononi.

Mara ya pili alikuja kutoka mbali zaidi, akaielekeza omo juu kidogo ya trela ili upepo umshushe mahali pake, akabonyeza nguvu zote. Boti ikapanda, ikagota, ikatulia. Bado ilikuwa imekaa upande kidogo.

Nelda alishuka akaingia majini na viatu vyake vya kazini, akafunga ndoano ya mbele. Alikuwa amechoka sana, na Jumatatu zamu ilikuwa palepale, na nyumbani hapakuwa na kitu ila kunde za jana na mkate wa mahindi. Alimtazama mumewe juu kule, naye Royce akamtazama.

"Imekaa upande," Nelda alisema.

"Imekaa," alisema Royce.

Akaliendesha gari polepole kutoka majini, na maji yakamwagika njia nzima hadi barabarani.